Abiria wa Kukodi

Kuna mchezo unaochezwa katika steji za Nairobi ambao mgeni huchukua muda kuung'amua. Unaingia kwenye matatu, unaona viti karibu vyote vina watu, unafurahi, unajua gari linaondoka sasa hivi. Unaketi. Baada ya dakika tano yule wa mbele anashuka kama mtu aliyesahau kitu. Halafu wa pembeni. Halafu wawili wa nyuma. Ukitazama dirishani unawaona wameingia gari linalofuata, wameketi vilevile, wanaangalia simu vilevile. Hawakuwa wanasafiri. Walikuwa wameketishwa hapo ili gari lionekane linakaribia kujaa, na wewe ndiwe uliyekuwa mtazamaji wa mchezo wao.

Nimeukumbuka mchezo huo mara nyingi mwaka huu nikisoma na kutazama kazi za sanaa zilizo na matatu ndani yake. Ni nyingi. Msanii akitaka tujue kwamba hapa ni Nairobi na si mji mwingine, anapitisha nganya mbele ya kamera, konda ananing'inia mlangoni, besi inatetemesha vioo, kisha hadithi inaendelea kwingine. Riwaya zinafanya hivyo, filamu zinafanya hivyo, na video za muziki ndizo zimezidi. Sina ugomvi na nganya, napenda kuziangalia kama wewe. Lakini katika nyingi ya kazi hizi gari limejaa na bado halina abiria. Dere ana jina, konda ana mdomo, gari lenyewe lina jina na sifa zake. Wale walio vitini wameketishwa tu. Hatujui wanaenda wapi, wamebeba nini, wanaogopa nini. Fasihi yetu ya matatu imejaza viti kwa abiria wa kukodi.

Abiria halisi ninayemkosa ametoka Tseikuru. Kama hupajui usijali, wengi hawapajui. Ni mji mdogo kaskazini mwa kaunti ya Kitui, ukishapita Kyuso, kule ambako Ukambani unakaribia kuisha. Basi la Nairobi linaondoka mapema, juu ya keria kuna magunia ya ndengu, chini ya viti kuna mitungi ya asali na kuku waliofungwa miguu. Linashuka Kyuso, linaingia Mwingi, linashika ile barabara ya Garissa kuelekea Nairobi, linapita Matuu, linafika Thika, halafu barabara inapanuka ghafla na kila mtu anaanza kutafuta viatu vyake. Nimesafiri njia hiyo nikiwa mwanafunzi na bado naisafiri kila Desemba. Kutoka Tseikuru hadi Mwingi, utingo anamwita kila mwanamke mzima mwaitu, na kila mzee anajulikana ni baba ya nani. Mkishapita Githurai, utingo huyohuyo anaanza kuongea Sheng. Mkiingia Machakos Country Bus, nje ya dirisha kuna vijana wanaogombania mkoba wa yule mama, na sasa jina lake ni mathe: mathe unaenda wapi, mathe kuja huku, mathe gari ni hii. Mama hajabadilika, lakini watu waliokuwa wanamjua kwa jina la mwanawe wameisha.

Kuanzia hapo ana kazi ya kufanya. Anaenda kwa binti yake Kayole, au kwa kaka yake Kawangware, au kwa daktari Kenyatta. Hakuna ubao wa kumwonyesha njia. Lazima ausome mji kwa kuuliza, na auulize kwa namna ambayo haitamfanya aonekane mgeni, kwa sababu mgeni ana bei yake. Hiyo ndiyo safari ninayoitafuta katika sanaa yetu. Nimeipata vipande vipande tu.

Kipande cha kwanza kila mtu anakijua. Nairobi Half Life, filamu ya David Gitonga ya mwaka 2012, ilikuwa ya kwanza kuteuliwa na Kenya kushindania Oscar ya filamu za lugha za kigeni, na ilistahili. Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa kijijini anayeuza filamu huku akiziigiza mbele ya wateja. Anaaga kwao, anaingia Nairobi kutafuta uigizaji, na kabla hajajua upande jua linakochomozea ameshanyang'anywa alichobeba. Anaishia seli, anakutana na Oti, anaingia genge la kuiba vipuri vya magari, na wakati huohuo anapata nafasi jukwaani. Wairimu anaigiza vizuri sana. Ile sura yake anapousimamia mji kwa mara ya kwanza, nusu furaha nusu kiwewe, ni sura ninayoijua kutoka kwa watu wa kwetu.

Lakini tazama filamu inavyomtumia. Kuwasili kwake ni mlango unaofunguliwa mara moja na kufungwa. Mwas akishaibiwa, uabiria wake umekwisha. Mji unamfundisha kupitia mwizi, halafu unamfanya mwizi. Ni hadithi nzuri, na ni hadithi ya zamani: mshamba kaja mjini, mji kamla. Tumeisimulia mara nyingi hadi tunadhani ndivyo watu wanavyofika. Sivyo. Wengi wetu tulifika bila kuibiwa. Tulifika kwa sababu tulimuuliza mama anayeuza mayai badala ya kijana asiye na kazi, kwa sababu tulikaa karibu na mwanamke mwenye mtoto, kwa sababu tulikataa kukabidhi mkoba kwa mtu aliyesema atatusaidia kuubeba. Ule ni ujuzi, na una mashaka ndani yake kuliko wizi wowote. Kamera haijawahi kutulia kwenye uso wa mtu anayeamua amuulize nani. Kwa mtu wa Tseikuru, kuibiwa si hadithi kubwa. Hadithi kubwa ni vile mwaitu alifika Kayole na kuku wake wote.

Kipande cha pili kiko kwenye kitabu cha zamani zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Shetani Msalabani kwa Gikuyu akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, kikachapishwa mwaka 1980, na tukakipata kwa Kiswahili baadaye. Wengi wanakikumbuka kwa ile karamu ya wezi, ambapo wanyang'anyi wanashindana kujisifu. Mimi nakikumbuka kwa matatu ya Mwaura, gari kuukuu linalotoka Nairobi kwenda Ilmorog usiku. Ndani kuna Wariinga aliyepoteza kazi, mpenzi na nyumba. Kuna Muturi mfanyakazi, Gatuiria msomi, Mwireri wa Mukiraai mfanyabiashara, na kuna Wangari, mwanamke aliyepigania uhuru, aliyekuja Nairobi kutafuta kazi na sasa anarudi nyumbani bila hata senti ya nauli.

Hapo ndipo Ngũgĩ anapowapiku wote waliomfuata. Mwaura akigundua Wangari hana nauli, anataka kumshusha gizani. Gari zima linalazimika kuamua. Wenzake wanajitolea kumchangia, na kutokana na uamuzi huo mdogo kila mmoja anaanza kusema yeye ni nani. Kwa kurasa nyingi hakuna kinachotokea ila watu kuzungumza ndani ya gari, na hakuna kinachochosha. Mwandishi ameelewa kwamba matatu ni mahali pekee ambapo watu wasiojuana wanafungiwa pamoja kwa muda, kila mmoja amelipa kiasi kilekile, na hakuna mwenye kiti cha heshima. Swali la nauli ya Wangari ni swali la nchi nzima, lakini limeulizwa kwa kiwango cha pesa ambazo mtu yeyote anaweza kuzihesabu mkononi.

Ana kasoro zake. Abiria wake wanaongea kama wajumbe. Muturi ni wafanyakazi wote, Mwireri ni matajiri wote, na mara kwa mara unasikia kipaza sauti nyuma ya midomo yao. Kisha kuna jambo ambalo limenikaa zaidi: abiria hawa wanaanza kusema wakishatoka Nairobi. Ndani ya jiji Wariinga yuko peke yake, anayumba barabarani, karibu aanguke. Mazungumzo yanazaliwa barabara ikishakuwa giza na mji uko nyuma. Najua kwa nini. Katika basi la Tseikuru pia watu huongea hadi Thika, halafu wananyamaza. Lakini mwandishi wa leo anapaswa kuuliza kinachotokea katika ule ukimya. Watu hawaachi kufikiri kwa sababu wameingia Pangani.

Kipande cha tatu ni Siku Njema ya Ken Walibora, kilichotoka mwaka 1996, na ambacho wengi wenu mlikisoma mkiwa na sare za shule. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kwenda upande wa Kitale kumtafuta baba yake. Ni msafiri maarufu kuliko wote katika Kiswahili chetu cha Kenya, na sababu ya sisi kumpenda ni rahisi: anauliza. Safari yake yote inategemea hisani ya watu asiowajua, na Walibora anawapa watu hao nafasi ya kuwa wema au wabaya bila kuwahubiria. Kongowea ana faida moja ambayo mwaitu wa Tseikuru hana. Jina lake na Kiswahili chake vinamtangulia, na msomaji anamwonea fahari kila anapofungua kinywa. Mwaitu akifungua kinywa Country Bus, watu wanasikia lafudhi ya Kikamba na wanacheka kabla hajamaliza swali. Tuna miaka mingi ya vichekesho vya redio na televisheni vilivyojengwa juu ya lafudhi hiyo. Hatuna riwaya hata moja ninayoijua ambayo imemwacha mwenye lafudhi hiyo aulize njia, ajibiwe, na aende zake.

Kuuliza njia Nairobi ni jambo la kifasihi kwelikweli, hata kama halijaandikwa. Fikiria majina ya steji. Ukiambiwa ushuke Odeon, unatafuta nini? Odeon ilikuwa sinema. Leo hakuna filamu utakayoiona pale, lakini makanga bado wanaita Odeon asubuhi hadi usiku. Globe nayo ilipata jina kutoka sinema. Allsops kwenye Thika Road ni jina la kiwanda cha bia ambacho wengi wanaoshuka hapo hawajawahi kukisikia. OTC ni jina la kampuni ya mabasi iliyokufa zamani. Kwa hiyo mwaitu anaelekezwa kwa kutumia mji ambao haupo. Anaambiwa atembee hadi sinema isiyo na filamu, apande gari mbele ya kampuni isiyo na mabasi. Aliyezaliwa hapa haoni ajabu yoyote. Ni mgeni pekee anayeweza kuona kwamba ramani ya jiji letu imeandikwa na wafu, na mgeni huyo ndiye tuliyemnyima sauti.

Namba nazo ni hivyohivyo. 58 ni Buruburu, 46 ni Kawangware, 111 ni Ngong, 125 ni Rongai, 45 ni Githurai. Namba za njia ni urithi wa enzi za mabasi ya KBS, kampuni iliyoanza mwaka 1934, wakati jiji lilikuwa dogo na Mwafrika alihesabiwa kama mgeni wa mchana. Matatu zilikuja baadaye, zikitoza senti thelathini, mapeni matatu ya kumi kumi, na hapo ndipo jina lilipotoka. Zilikuwa haramu hadi mwaka 1973 Rais Kenyatta alipoziruhusu kubeba watu. Profesa Kenda Mutongi amelisimulia hilo vizuri katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu historia ya matatu Nairobi, na hoja yake kwamba hii ni biashara tuliyoijenga wenyewe bila msaada wa mfadhili ni hoja ya kuheshimiwa. Lakini hata yeye, hadithi inayomvutia zaidi ni ya wenye magari na wafanyakazi wao. Abiria anabaki kuwa yule anayelalamika.

Kuna kazi moja iliyojaribu kuusoma mji kutoka kitini, na si riwaya wala filamu. Ni ramani. Mwaka 2014 wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na vyuo vya Marekani vya MIT na Columbia, walitoa ramani ya njia za matatu chini ya mradi wa Digital Matatus. Namna walivyoipata ndiyo inayonifurahisha: vijana walipanda magari wakiwa na simu, wakarekodi njia hadi mwisho, steji baada ya steji, zaidi ya njia 130. Yaani walikuwa abiria. Kisha wakazichora zile njia kwa rangi, kwa mistari iliyonyooka, kama ramani za treni za London au New York. Nilipoiona mara ya kwanza nilisimama. Fujo ile yote ninayoijua kwa miguu na kwa jasho ilikuwa imegeuzwa kuwa kitu cha kutundika ukutani.

Ila ukiisoma kama unavyosoma shairi, utaona kilichoachwa. Mstari ulionyooka haujui kwamba mvua ikinyesha nauli inapanda mara mbili. Haujui kwamba gari linaweza kukatiza safari katikati, konda akasema tu, tunageuzia hapa, pandeni ile nyingine. Haujui ni steji gani salama kwa mwanamke saa tatu usiku. Haujui abiria wa kukodi. Na mistari inaishia mwisho wa jiji. Hilo si kosa, ni ramani ya Nairobi, si ya Kenya. Lakini kwa mtu anayefika Country Bus kutoka Mwingi, ramani inaanza pale alipokwisha kuchoka. Nusu ya safari yake iko nje ya karatasi. Siwalaumu wachoraji, wamefanya zaidi ya waandishi wengi. Nasema kwamba walichokiacha nje ndicho hasa kazi ya hadithi, na hadithi haijakuja kukichukua.

Badala yake tumeipa nganya kila kitu. Kumbuka ilivyokuwa. Sheria za Michuki za 2003, zilizoanza kushika barabara Februari 2004, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo, sare za makondakta na ule mstari wa njano. Wapenda sanaa walilia kwamba matatu zimeuawa. Miaka kumi baadaye, mwishoni mwa 2014, Rais Uhuru Kenyatta aliwaambia polisi waache kusumbua magari yenye michoro, na rangi zikarudi kwa kishindo. Tangu hapo tumeandika makala, tumepiga picha, tumetoa filamu fupi kuhusu wachoraji, wapiga honi, mafundi wa taa na skrini. Ni sanaa ya kweli na vijana wanaoifanya wana vipaji. Lakini mwezi uleule wa Novemba 2014 kuna video nyingine ilikuwa ikizunguka kwenye simu zetu: mwanamke anavuliwa nguo kwenye steji katikati ya Nairobi na kundi la wanaume, kwa sababu ati amevaa vibaya. Wanawake waliandamana mjini wakisema nguo yangu ni uamuzi wangu, na kabla mwaka kuisha sheria ya kuwaadhibu wanaovua watu nguo ikaingizwa katika Kanuni ya Adhabu.

Weka mambo hayo mawili pamoja, jinsi yalivyotokea pamoja. Msimu mmoja, jiji moja, utamaduni mmoja wa steji. Moja limezaa maktaba nzima ya kusifia. Lingine limebaki kuwa la wanaharakati. Nikitazama filamu fupi ya nganya ambapo konda anaruka, anadandia, anapiga mbao za gari, nauliza mwanamke aliye kiti cha pili anafikiria nini. Labda anafurahia. Labda ameshika mkoba wake na anahesabu steji zilizobaki. Filamu haijui, kwa sababu haikumuuliza. Mkosoaji anayesema nganya ni uhuru wa kijana wa Nairobi anapaswa pia kusema ni uhuru wa nani, na nani amebanwa dirishani ili uhuru huo upate nafasi ya kuruka.

Utaniambia sanaa si ripoti, na kwamba hakuna anayetaka kusoma kurasa mia mbili za mtu anayetafuta gari la Kayole. Nimelisikia hilo. Jibu langu ni siku ya Jumatatu, tarehe 3 Desemba 2018. Serikali ya kaunti ya Nairobi ilizuia matatu kuingia katikati ya jiji. Watu walishushwa Muthurwa, Ngara na kwingineko, wakaambiwa watembee. Asubuhi nzima mitandao ilijaa sauti za abiria: wajawazito, watu wenye magongo, mama mboga na magunia yao, makarani na viatu mikononi. Amri haikudumu. Lakini kwa saa chache abiria wa Nairobi walikuwa waandishi. Walikuwa wacheshi, wakali, sahihi katika kila undani, na tulisoma kila neno. Hakuna aliyesema anachoshwa. Nilichokigundua siku ile ni kwamba hadithi ipo na wasomaji wapo. Tunachokosa ni mwandishi atakayeisubiri bila kuhitaji mkasa wa kumfanya aisikilize.

Kuna jambo jingine linalofanya swali hili lisiwe la ladha tu. Tarehe 10 Aprili 2020 Ken Walibora aligongwa na matatu katika Landhies Road, karibu na Muthurwa. Siku kadhaa zilipita familia na marafiki wakimtafuta, hadi mwili wake ulipopatikana katika hifadhi ya maiti ya Hospitali ya Kenyatta. Mtu aliyemfundisha kijana wa Kenya kupenda msafiri wa Kiswahili alilala kwa siku hizo kama mtu asiye na jina. Landhies Road ndiyo hiyo hiyo ambayo watu wa kwetu huivuka na magunia wakitoka Country Bus. Niliposoma habari zile nilifikiria zaidi zile siku za kutojulikana kuliko gari lenyewe. Ndiyo hofu ya kila abiria anayeingia mji huu kutoka mbali. Mama yako akikusindikiza hadi steji ya Tseikuru, anachokuambia mwisho si uwe na bidii. Anakuambia upige simu ukifika. Ujumbe mzima wa safari uko hapo: kuna mahali unajulikana, na kuna mahali hujulikani, na kati yao kuna basi.

Kwa hiyo nikisema fasihi yetu inawafanya abiria kuwa wa kukodi, sisemi tu kwamba inakosa maelezo mazuri. Nasema inarudia kile ambacho steji inafanya, kumgeuza mtu kuwa kichwa kinachojaza kiti. Fasihi inaweza kufanya kinyume kwa gharama ndogo kabisa. Ngũgĩ alikifanya kwa nauli ya mtu mmoja. Walibora alikifanya kwa swali la kijana anayemtafuta baba. Vijana wa ramani walikifanya kwa kukubali tu kuketi hadi mwisho wa njia.

Nataka kusoma hadithi inayoanza Tseikuru alfajiri na kuishia mlango wa mtu Kayole, siku moja, bila jambazi. Niwe ndani ya kichwa cha mwaitu anapoona steji ya kwanza na kuamua mtu wa kumuuliza. Nisikie Kikamba chake kikigeuka Kiswahili, Kiswahili kikijaribu kuifuata Sheng ya konda, na konda, kama ni wale wazuri, akipunguza kasi ya maneno yake bila kuombwa. Wapo hao, na hawajaandikwa pia. Nimwone akigundua kwamba watu wa kiti cha nyuma wanashuka mmoja mmoja. Nijue kama atashuka nao, atagomba, au atakaa pale kiondo kikiwa magotini, kwa sababu yeye, tofauti na wao, kuna mahali anaenda.